Wa Tisini

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, na zikukute umekaa, maana najua ukipata barua utaisomea pale pale kwenye meza ya kukatia, umesimama, kioo cha mteja kikikungoja. Tafadhali kaa. Mimi mwili hauna neno. Mama anaendeleaje? Ule mkono wa kushoto umeanza kukunja vidole, au bado unalala tu mapajani kama si wake? Na mjomba, bado anabishana na redio? Mwambie redio haimsikii, ila mimi nimemkumbuka.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu ya dukani mnaiweka sauti ya juu ili mama naye asikie, na mjomba akiwepo hujibu hata maswali niliyokuuliza wewe. Nina jambo nataka ulipate kwanza, peke yako. Tena kwenye simu ungenikatiza katikati. Nakujua.

Nianze na hali yangu, nisije nikaonekana nimeiruka. Kila nikipiga nimekuwa nikiwaambia kwamba huku kuzuri, nimepata marafiki, chumba kimechangamka. Chumba kina vitanda viwili, hilo ni kweli. Mwenzangu alihama hata muhula wa kwanza haujaisha, akaenda kukaa kwa binamu yake, na hakuletwa mwingine. Godoro lake limebaki wazi, lina doa la chai upande wa kichwani. Mwanzoni nilikuwa natandaza nguo zangu juu yake ili nikiingia nione kama kuna mtu ametoka mara moja tu atarudi. Nikaja kuacha, maana nguo zenyewe zilikuwa zangu na mimi ndiye niliyekuwa nazikunja.

Jirani yangu namjua kwa chafya. Ukuta ni mwembamba, asubuhi hupiga chafya mfululizo, na mimi huku husema afya, polepole, asisikie. Jina lake silijui. Jumapili moja nilishuka kununua sabuni, muuzaji akanipa chenji, nikamwambia ahsante, na sauti ikatoka na mikwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilipokuwa napanda ngazi nikagundua sababu: sikuwa nimesema na mtu yeyote tangu Ijumaa. Mimi huyu, dada, uliyekuwa ukiniita Chiriku na kunihonga peremende ninyamaze wakati unapima kioo.

Si kwamba watu wa huku ni wabaya. Wanasalimia vizuri. Lakini wengi walikuja makundi makundi, wamesoma pamoja tangu utotoni, wakikaa mezani wanaanza hadithi katikati kwa sababu mwanzo wake wote wanaujua. Mtu ukiingia hapo utacheka mahali pasipochekesha. Nimekuwa nikila kwenye meza inayotazama ukuta, na nimeuzoea ule ukuta.

Ndiyo maana nilipoona tangazo kwamba ofisi ya udahili inatafuta mwanafunzi wa kusaidia kazi za mchana, niliomba siku hiyo hiyo. Nilitaka mahali ambapo watu watalazimika kunisemesha. Nikapewa kazi ya kufungua bahasha, kupanga majalada na kukaa dirishani kupokea wazazi na waombaji. Mkubwa wangu ni mama mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye wanafunzi wote wanamwita Bi Rula. Hawezi kusoma karatasi ya matokeo bila kuweka rula chini ya mstari. Hata awe anaisoma mara ya kumi, rula lazima. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Sasa na mimi ninayo yangu.

Dada, mimi nilifanya ule mtihani wa kuingia chuo, nikapata nafasi, nikafunga mizigo, nikaja, nikasoma zaidi ya mwaka mzima, na sikuwahi kujua zile namba tatu kwenye karatasi ya matokeo zinasema nini. Wala sikuwahi kuuliza. Nilijua nimefaulu, basi. Bi Rula aliponiuliza siku ya kwanza kama najua kuzisoma, nilimjibu ndiyo kwa sauti kubwa.

Alinifundisha mwenyewe, bila kunidhihaki. Namba ya kwanza, ile ya majibu sahihi, ni idadi ya maswali uliyoyapata, wala haina zaidi. Aliniambia wao pale ofisini hawaiangalii kabisa. Mtihani hufanywa kwa awamu, na kila awamu ina karatasi yake, maana maswali yangerudiwa yangevuja. Sasa karatasi mbili hazitoki na ugumu mmoja hata wafanye nini. Kwa hiyo watungaji huzipima, wanatazama awamu ipi ilikuwa ngumu na ngumu kiasi gani, halafu wanayageuza majibu yako kuwa namba ya pili, alama linganifu, inayoanzia mia na kuishia mia mbili. Mtu aliyepata maswali machache kwenye karatasi ngumu anaweza kuwa juu ya aliyepata mengi kwenye karatasi nyepesi. Alisema hivi, na nimelikariri: "Namba ya kwanza inaeleza karatasi uliyopewa. Ya pili inakueleza wewe." Chuo hupokea watu kwa hiyo ya pili.

Namba ya tatu hakunieleza siku hiyo, kwa sababu simu ililia. Ningejua, ningeikata ile simu.

Wiki tatu zilizopita alikuja dirishani baba mmoja, dereva wa lori, bado amevaa fulana ya kazi yenye mafuta kifuani. Alikuwa amefurahi hata akawa anasalimia viti. Alitoa karatasi ya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia mtoto huyu amekuwa wa tano, wa tano katika nchi nzima, sasa ofisi imemwandikia kwamba hakupata nafasi, na yeye hakuja kugombana, anajua ni makosa ya kompyuta, amekuja tu tuyasahihishe. Nikaitazama. Chini kabisa paliandikwa nafasi kwa mia, na mbele yake tano. Mimi pia niliona wa tano, dada. Nikaanza hata kumpa pole kwa usumbufu.

Bi Rula akatoka nyuma, akaweka rula yake. Halafu akamwomba yule baba aingie ndani akae. Alimweleza taratibu kwamba ile si nafasi kama ya darasani, ambapo namba ndogo ndiyo nzuri. Inasema katika kila watu mia waliofanya mtihani, umewaacha wangapi nyuma yako. Mtoto wake alikuwa amewaacha watano. Yule baba aliuliza, "Kwa hiyo walio mbele ni wengi?" Bi Rula akamwambia ndiyo, ni wengi, lakini mtihani unarudiwa, na akamwandikia siku za usajili na mahali pa kupata vitabu. Yule baba alikunja karatasi akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki vizuri kabisa, kama alivyoitoa. Alipokuwa anatoka alivipita vile viti bila kuvitazama.

Mimi sikumsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Nilikuwa nimesikia neno lingine masikioni, sauti yako ukisema, "Wa tisini anangoja zamu yake."

Unakumbuka siku ile mjomba alipotusomea matokeo. Alivaa miwani, akaweka karatasi mbili sambamba kwenye meza ya kukatia, yangu kulia, yako kushoto. Mimi nilikuwa nimefanya awamu ya kwanza. Wewe ulikosa awamu ya kwanza kwa sababu asubuhi ile ndiyo mama alianguka bafuni kwa kiharusi, ukabaki naye hospitali, ukaniambia mimi nikimbie nisichelewe. Ukaja kufanya awamu ya pili, na uliporudi ulisema tu kwamba karatasi ilikuwa na meno. Mjomba akasoma majibu sahihi: mimi hamsini na mawili, wewe arobaini na matatu. Namba ya katikati akairuka, akasema hiyo ni namba ya kituo. Akasoma nafasi: mimi sabini na tisa, wewe tisini. Akavua miwani, akasema mdogo amemshinda mkubwa kwenye maswali na amemshinda kwenye nafasi, kwa hiyo mambo yamejipanga yenyewe. Mmoja lazima abaki na mama na duka. Hakusema kwa ubaya, dada. Alikuwa anatuhurumia, alifurahi kwamba karatasi imemwondolea kazi ya kuchagua.

Na wewe ukasema kabla ya mama hajafungua mdomo, "Basi mdogo wangu aende." Ukarudi kwenye fremu uliyokuwa unaigonga na ukapiga mluzi. Wewe si mtu wa kupiga mluzi. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, na bado nilikwenda kumwambia rafiki yangu kwamba nimepita.

Baadaye ukaifanya mzaha. Chai ikimiminwa, wa tisini anangoja zamu. Mlango ukigongwa, wa tisini ndiye wa kufungua. Sote tulicheka. Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku ile ya dereva wa lori, ofisi ilipofungwa nilibaki nimekaa. Bi Rula akaniuliza nina nini. Nikamwambia nina swali juu ya mtu aliyepata majibu arobaini na matatu, awamu ya pili, mwaka juzi. Alisema jalada la mtu hawezi kunifungulia, na mimi nisimwombe. Lakini jedwali la kugeuzia alama ni la wazi, kila mtu anaweza kuliona. Akalitoa, akaweka rula. Aliniambia awamu ile wanaikumbuka wote ofisini, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote tangu yeye aanze kazi. Rula ikashuka hadi arobaini na tatu, akanionyesha kwa ukucha wa kidole.

Mia na hamsini na tano, dada. Yangu ni mia na arobaini na nane.

Nimeliandika hilo kisha nikatembea chumbani kidogo. Naendelea. Mimi niliomba usanifu wa majengo, unakumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyeomba, nami sikuwa na jingine kichwani. Hawakunipa, wakanipa uhasibu, tukasema bahati ni bahati. Kumbe mstari wa usanifu wa majengo ulikuwa mia na hamsini na mbili. Mimi sikuufika. Wewe uliupita. Wewe unayechora nyumba nyuma ya karatasi za kufungia vioo, na madirisha yake kila moja na kipimo chake. Ile barua ya chuo iliyokuja kwa jina lako baada ya mimi kuondoka, uliyosema hukuifungua kwa sababu ulijua imebeba pole, sasa mimi nadhani najua ilibeba nini. Kama bado ipo, ifungue. Kama ulishaitupa, usijilaumu.

Nitakueleza na hili, kwa sababu kukuficha wewe sijazoea. Usiku wa siku ile sikufikiria kukuandikia. Nilifikiria kwamba hakuna anayejua isipokuwa mimi na jedwali. Nilijiambia umeshazoea, duka linakwenda, mama amekuzoea wewe, nikuvuruge kwa nini. Nikalala nikiwa nimeikubali hoja hiyo. Asubuhi nikasikia jirani anapiga chafya, nikauambia ukuta afya kama kawaida. Habari ile nilikosa mtu wa kumwambia, na mtu pekee niliyetaka kumwambia alikuwa wewe.

Nikaenda kwa Bi Rula, nikamwambia nimekalia kiti cha dada yangu. Akakasirika, mara ya kwanza kumwona hivyo. Akasema nisijipambe. Mimi niliingia kwa alama zangu, kwenye kozi yangu, na sikumtoa mtu. Viti vilikuwa viwili. Ni kwetu nyumbani ndiko kilikoonekana kimoja. Kisha akapoa, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi: huyo dada alifanya mtihani lini hasa? Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Alama hudumu miaka mitatu. Udahili wa mwaka huu ndio wa mwisho kwako, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mwaka huu mstari unaweza kupanda au kushuka, hakuna wa kukuahidi, lakini kwa mia na hamsini na tano, alisema, angeshangaa sana kukuona nje.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Sikuijaza hata herufi moja, maana ni yako. Ijaze kwa kalamu nyeusi, uitie sahihi, uambatanishe karatasi ya matokeo. Mjomba ana haki ya kuisoma, ila safari hii wewe ndiye umsomee.

Najua umeshaanza kutikisa kichwa. Unasema, na mama je? Nani atamgeuza kitandani, nani atakata vioo, nani atamwambia mteja kwamba fremu itakuwa tayari kesho wakati itakuwa tayari keshokutwa? Hapo ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua, na sasa nimefika.

Nimeahirisha masomo. Msajili amekubali, mwaka mmoja, nafasi yangu inanisubiri na ameniandikia hivyo kwa mhuri. Mitihani ya muhula imekwisha juzi na nimeifanya yote. Ijumaa narudisha ufunguo wa chumba, Jumamosi asubuhi napanda basi. Ukiwa unasoma mstari huu, huenda nimeshafunga begi. Nakuja kukaa na mama, na nakuja kujifunza kukata kioo, na ndiyo, najua kwamba nitavunja vingi. Katika mwaka mmoja tutajua mengi, kama mkono wa mama utarudi, kama duka linaweza kupata fundi. Baada ya hapo tutakaa tupange sote, tukiwa na karatasi zote mezani na kila mmoja anajua kuzisoma.

Usidhani najitoa mhanga. Nimejichunguza sana kwenye hili, na siwezi kukuapia kwamba narudi kwa ajili yako tu. Nimechoka kula nikitazama ukuta. Nataka kusikia mjomba anabishana na redio. Inawezekana nimepata sababu nzuri ya kufanya jambo ambalo nilikuwa nalitaka kwa sababu ndogo. Sijui. Ila sababu nzuri ipo hata ningekuwa na marafiki mia huku, na ukikataa kuijaza hiyo fomu nitakuja vile vile, tutakaa wawili dukani tukitazamana, utaniambia mwenyewe kwa nini.

Mlangoni mwa ofisi, nilipoaga, Bi Rula alinipa mkono akaniambia atalisubiri jina lako, na nikirudi mwakani nipite kumsalimia. Kisha nikafanya jambo la ajabu. Nilipanda juu, nikagonga kwa jirani. Akafungua, msichana mwembamba mwenye kitambaa puani. Nikamwambia mimi ni wa chumba cha pili na ninaondoka Ijumaa. Akaniambia, "Kumbe kuna mtu humo? Kimya hivyo?" Tulicheka, halafu akafunga mlango.

Mama nisalimie sana, mshike ule mkono wa kushoto kwa niaba yangu, ila habari ya namba usimwambie, nataka nimwambie mwenyewe nikiwa nimekaa kitandani kwake. Mjomba naye umsalimie, na usimkasirikie. Sote tulikuwa tumeizunguka meza ile, na sote tunajua kusoma.

Basi la Jumamosi hufika jioni. Nina begi moja kubwa na boksi la vitabu, na sijapokewa na mtu kituoni tangu nilipoondoka nyumbani. Nakuomba uje. Njoo hata kama umekasirika. Kasirika ukiwa umeshika upande mmoja wa begi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku